Upekuzi wa wafanyakazi wa kandarasi: tutazame ufunguo, si mkataba

Agosti 2007, wanasayansi na wahandisi 28 wa maabara ya JPL iliyoko Pasadena, California, waliifikisha serikali ya Marekani mahakamani. Maabara yao ndiyo iliyokuwa ikiongoza magari mawili yaliyotambaa juu ya sayari ya Mirihi, na chombo kilichokuwa kikiizunguka Zohali. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi humo kwa miaka 20 na zaidi. Hakuna aliyetuhumiwa kwa wizi, ujasusi wala utovu wa nidhamu. Kilichowatoa maabarani kuwapeleka kortini kilikuwa fomu.

Fomu yenyewe, inayojulikana kama SF-85, haikuwa ndefu. Ilimuuliza mtu alikoishi, alikosoma, alikofanya kazi, na kama katika mwaka uliopita alitumia dawa za kulevya. Aliyekiri aliulizwa pia kama alipata matibabu au ushauri nasaha. Mtu akishasaini, serikali hupeleka fomu nyingine, Fomu 42, kwa waajiri wake wa zamani, wenye nyumba aliopanga kwao na wadhamini aliowataja. Hao nao huulizwa kama wana lolote baya la kusema juu yake: uaminifu wake, fedha zake, ulevi, utulivu wa akili, mwenendo wake kwa jumla, na mambo mengine. Mwenye nyumba mliyegombana naye kwa kodi ya mwezi mmoja anapewa kalamu na nafasi ya kuandika, na alichoandika kinaingia kwenye faili lako.

JPL ni mali ya NASA, shirika la Marekani la utafiti wa anga, lakini inaendeshwa na chuo cha Caltech kwa mkataba. Kwa hiyo wafanyakazi wake si watumishi wa umma. Ni watu wa kandarasi. Watumishi wa umma wa Marekani walikuwa wakipekuliwa tangu amri ya Rais Eisenhower ya mwaka 1953, na hawa wa kandarasi hawakuwa wakiguswa. Mambo yalibadilika baada ya agizo la Rais George W. Bush la Agosti 2004, lililotaka vitambulisho vya aina moja kwa kila anayeingia katika majengo ya serikali. Lilianza kama jambo la vitambulisho, likaishia kwenye maswali ya ulevi na akili timamu. Caltech ikatangaza kwamba asiyekamilisha upekuzi kwa wakati atahesabiwa kuwa amejiuzulu kwa hiari yake.

Sisi Tanzania ofisini tunasema upekuzi; majirani zetu Kenya husema kupigwa msasa. Kwa jina lolote, swali la JPL linamhusu kila anayeajiri kupitia kampuni ya pili: mlinzi wa getini, fundi wa mitambo ya kompyuta, msafishaji anayebaki na ufunguo wa ofisi ya mkurugenzi saa moja jioni wenye ofisi wakishaondoka. Je, mtu huyu ambaye hayumo kwenye orodha yetu ya mishahara apekuliwe kwa kina kama wetu wa kudumu?

Jibu langu ni kwamba mkataba haupimi hatari. Anayepima hatari atazame ufunguo aliokabidhiwa mtu: unafungua mlango gani, na akiamua kuutumia vibaya nani ataumia. Mwenye ufunguo mkubwa apekuliwe kwa kina, awe mwajiriwa wa kudumu au wa kandarasi. Mwenye ufunguo mdogo aulizwe maswali machache, kisha aachwe afanye kazi. Na anayepekua naye awe na wa kumpekua, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia zaidi Marekani.

Wapo wanaosema mtu wa kandarasi ni mpita njia tu, hana haja ya kuchunguzwa sana. Sisi tunaoikumbuka Agosti 7, 1998 hatuwezi kusema hivyo. Waliosimama getini katika balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, siku zilipolipuliwa kwa mabomu yaliyopakiwa kwenye malori, walikuwa walinzi wa kampuni, watu wa hapa hapa. Nairobi, washambuliaji walimwamuru mlinzi afungue kizuizi, naye akakataa, mikono mitupu, hana hata bunduki. Dar es Salaam walinzi walikuwa miongoni mwa waliokufa. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha Nairobi, na kama mlinzi yule angetii, lori lile lingesogea karibu zaidi na jengo. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa karibu kila mtu aliyekuwa ndani, lakini katika dakika ile hakuna aliyebeba dhamana kubwa kuliko yake. Mtu wa namna hiyo lazima ajulikane ni nani, ametoka wapi, ana rekodi gani polisi, mwajiri aliyetangulia anamwelezaje. Talaka yake haituhusu.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya kesi ya JPL Januari 19, 2011. Majaji wote 8 walioisikiliza waliipa serikali ushindi. Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu, alisema tofauti kati ya mtumishi wa umma na mtu wa kandarasi haina uzito mkubwa hapa kwa sababu wanafanya kazi zilezile, na akataja mfano wa mhandisi wa JPL aliyekuwa tegemeo la kutatua matatizo ya darubini ya anga ya Kepler. Katika hilo nakubaliana naye kabisa. Ni hoja ya ufunguo.

Nguzo ya pili ya hukumu hiyo ndiyo inayonisumbua. Mahakama ilisema faragha ya wafanyakazi inalindwa vya kutosha na Sheria ya Faragha ya mwaka 1974, inayoizuia serikali kutoa taarifa za mtu ovyo. Ikaongeza kwamba uwezekano tu wa ulinzi huo kushindwa si sababu ya kuizuia serikali isikusanye taarifa. Kwa maneno mengine, jazeni fomu, serikali itaitunza.

Haikupita miaka miwili. Oktoba 31, 2012, kompyuta ya mkononi ya mfanyakazi wa makao makuu ya NASA iliibwa ndani ya gari. Ilikuwa na taarifa binafsi za maelfu ya wafanyakazi na watu wa kandarasi, na haikuwa imesimbwa. Nywila ilikuwapo, lakini diski ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye ujuzi kidogo. Wakala huo ukalazimika kuwaandikia wahusika barua za tahadhari.

Hilo lilikuwa tone. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika hifadhi ya OPM, ofisi inayosimamia utumishi na iliyokuwa ikitunza mafaili ya upekuzi. Taarifa za watu milioni 21.5 zilichukuliwa. Ndani yake zimo SF-86, fomu ndefu ya wanaoomba kibali cha kushika siri, yenye kurasa zaidi ya 100. Fomu hiyo humtaka mtu ataje wazazi, ndugu, wakwe, anwani zao, uraia wao, madeni yake, matibabu fulani ya akili, na watu wa nchi za nje alio na ukaribu nao. Katika wale milioni 21.5, watu milioni 1.8 hawakuwahi kuomba kazi yoyote. Wengi wao walikuwa wake au waume wa walioomba. Alama za vidole za watu milioni 5.6 zilikwenda nazo. Mkurugenzi wa ofisi hiyo, Katherine Archuleta, alijiuzulu Julai mwaka huohuo. Njia mojawapo waliyoitumia wadukuzi ilikuwa jina na nywila za mtumiaji wa kampuni ya kandarasi iliyokuwa ikiifanyia ofisi hiyo upekuzi.

Hebu tulitazame hilo kwa macho ya mtu wetu. Kijana aliyezaliwa Tanga au Mombasa, akahamia Marekani, akapata uraia, akaomba kazi ya kandarasi katika idara inayohitaji kibali. Anaandika jina la mama yake, tarehe yake ya kuzaliwa, anapoishi, wanawasiliana mara ngapi. Anamwandika na mkwewe. Mama hana habari. Hajasaini kitu, hajui hata kwamba fomu hiyo ipo. Upekuzi unapokwenda kwa kina, haumchimbi mwombaji peke yake. Unachimba ukoo mzima, na wengi wao hawakuulizwa. Ndiyo maana kila swali linaloongezwa kwenye fomu inabidi lijieleze: linazuia madhara gani, katika mlango upi? Namba ya benki ikivuja inabadilishwa. Alama ya kidole utaibadilishaje?

Mtu anaweza kunijibu: yote hayo ni gharama, lakini bila upekuzi wa kina utawazuiaje wabaya? Ni swali la haki, na linastahili kujibiwa kwa kuangalia wabaya wenyewe walipita vipi.

Septemba 16, 2013, Aaron Alexis, fundi wa kompyuta wa kampuni iliyokuwa na kandarasi ndogo ya jeshi la majini, aliingia katika kambi ya Washington Navy Yard kwa kitambulisho chake halali, akaua watu 12. Kibali chake cha siri alikipata miaka ya nyuma alipojiunga na jeshi hilo, na kilikuwa bado hai. Mwaka 2004 alikuwa amekamatwa Seattle kwa kupiga risasi matairi ya gari la mtu. Taarifa iliyofika jeshini wakati wa upekuzi wake ilisema alitoa upepo matairi. Bunduki haikutajwa, kwa sababu ripoti ya polisi wa Seattle haikupatikana, na aliyepekua akasonga mbele bila hiyo.

Kisha Agosti 2013, wiki chache kabla ya mauaji, Alexis akiwa safarini kikazi Rhode Island aliwaambia polisi kwamba kuna watu wanaomfuata na kumrushia mawimbi asilale. Polisi waliifikishia habari kambi ya jeshi iliyokuwa karibu. Kampuni yake ilimwondoa kazini siku chache, ikamrudisha, bila kuiarifu serikali. Kibali kilibaki vilevile.

Nimekaa na mkasa huu kwa muda, na kila nikiurudia naona jambo lilelile. Maswali hayakupungua. Kilichokosekana ni ripoti moja ya polisi, simu moja kutoka kampuni kwenda kwa mteja, na mtu mmoja mwenye wajibu wa kuunganisha habari za Seattle na za Rhode Island. Upekuzi wa kina uliofanywa mara moja, kisha ukafungiwa kabatini kwa miaka kumi, ulikuwa na thamani ndogo kuliko sikio la msimamizi aliyekuwa naye kila siku.

Na nani aliyempekua? Kampuni ya USIS, yenyewe ikiwa na kandarasi. Ilizaliwa mwaka 1996 serikali ilipobinafsisha kitengo chake cha upelelezi wa wafanyakazi. Januari 2014 Wizara ya Sheria ya Marekani ilidai mahakamani kwamba kati ya 2008 na 2012 kampuni hiyo iliwasilisha mafaili yapatayo 665,000 kana kwamba yamekamilika na kukaguliwa, ilhali hayakuwa hivyo. Sababu iliyodaiwa ilikuwa fedha: kadiri faili linavyotoka haraka ndivyo malipo yanavyoingia. Siri ilifichuliwa na mfanyakazi wa ndani. Mwaka 2015 shauri hilo lilimalizwa kwa wamiliki wake kukubali kuacha malipo ya angalau dola milioni 30 waliyokuwa wakiidai serikali. USIS ndiyo pia iliyofanya, mwaka 2011, upekuzi wa marudio wa Edward Snowden, aliyekuja kuvujisha nyaraka za NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano.

Snowden hutajwa kila mara mjadala huu unapoanza, kana kwamba jina lake linautosha. Alikuwa mtu wa kandarasi, ni kweli. Alipoondoka Hawaii Mei 2013 na nyaraka za NSA, alikuwa na kampuni ya Booz Allen Hamilton kwa muda usiozidi miezi mitatu. Lakini Aldrich Ames alikuwa afisa wa kudumu wa CIA, aliiuzia Moscow siri tangu 1985, na kabla ya kukamatwa 1994 alipita kipimo cha mashine ya kugundua uongo mara mbili. Baada ya Snowden, mkuu wa NSA, Keith Alexander, alitangaza nia ya kupunguza kwa asilimia 90 idadi ya wasimamizi wa mifumo waliokuwa na uwezo wa kufika kila mahali. Hatua hiyo ilinifundisha zaidi kuliko hotuba nyingi za usalama, kwa sababu ilikuwa hatua ya kupunguza funguo. Maisha ya mtu unaweza kuyapekua hadi utotoni usijue atakachoamua mwakani. Mlango aliofungiwa hauhitaji kujua.

Kuna upande mwingine ambao wachambuzi wengi wa usalama huupita, nao ndio unaoniuma zaidi: mtu wa kandarasi akiangushwa na upekuzi, anakata rufaa kwa nani? Mwajiriwa wa kudumu ana barua, ana kamati ya nidhamu, ana chama cha wafanyakazi. Wa kandarasi anaambiwa na kampuni yake, "mteja hakutaki." Akienda kwa mteja anaambiwa, "wewe si mfanyakazi wetu." Anasimama katikati, na sababu haijui.

William Greene alisimama hapo. Alikuwa mhandisi wa ndege na meneja mkuu katika kampuni binafsi iliyokuwa ikilifanyia kazi jeshi la majini la Marekani, akilipwa dola 18,000 kwa mwaka. Mwaka 1953 kibali chake kilifutwa kwa madai ya kuwa na uhusiano na wakomunisti, mengi yakimhusu aliyekuwa mke wake. Waliomsema hakuwahi kuwaona wala kuwauliza swali. Maneno yao yalibaki kwenye mafaili ambayo hakuruhusiwa kuyasoma. Bila kibali kampuni haikuwa na kazi ya kumpa. Akaishia kuchora ramani za majengo kwa dola 4,400. Ilichukua hadi Juni 1959 kwa Mahakama ya Juu kusema kwamba serikali haikuwa na idhini ya kumwondolea mtu riziki kwa namna hiyo. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower alitoa amri iliyowapa watu wa viwanda vyenye kandarasi haki ya kuelezwa tuhuma zao na kusikilizwa.

Greene alipata jina katika vitabu vya sheria. Mlinzi wa kampuni anayeondolewa lindoni hapa kwetu kwa sababu "mteja kalalamika" hapati hata karatasi.

Narudi nyumbani basi, kwa kuwa haya yako mlangoni petu. Kenya, anayetafuta kazi ya ulinzi au ya ndani Ughaibuni huombwa cheti cha tabia njema. Anakwenda kupigwa alama za vidole, analipa kwa mfuko wake, anasubiri. Cheti hicho kinajibu swali moja dogo: je, polisi wana rekodi yako ya jinai? Kwa milango mingi swali hilo linatosha, likiongezewa simu ya dhati kwa mwajiri wa zamani. Nasema simu ya dhati kwa sababu mara nyingi barua ya mdhamini inapokewa, inapigwa muhuri na kuhifadhiwa bila mtu kuinua simu kuuliza kama mwandishi wake yupo.

Kwa fundi anayeshika hifadhidata ya wagonjwa, mitambo ya umeme au kanzidata ya vitambulisho vya taifa, cheti hicho hakitoshi. Huyu tumchunguze kwa kina: madeni yanayoweza kumfanya anunulike, kampuni nyingine anazozifanyia kazi kwa wakati uleule, na nani hasa anaimiliki kampuni iliyomleta. Hilo la mwisho linasahauliwa sana. Tunampekua kijana mwenye bisibisi na tunampitisha mwenye zabuni. Uchunguzi huo usifanywe na kampuni inayolipwa kwa idadi ya mafaili. Ufanywe na ofisi yenye mtu wa kuwajibika kwa jina, na urudiwe mambo yanapobadilika katika maisha au kazi ya mtu, bila kungoja miaka kumi.

Sheria za kuanzia tunazo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ikapitisha ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Zote zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Lakini sheria hizo hazitamfikia mlinzi wa getini kama zabuni yenyewe haisemi kitu. Ningependa kila mkataba wa ulinzi, usafi au mifumo ya kompyuta uwe na vipengele vinavyotaja nani analipia upekuzi, nani anaruhusiwa kulisoma faili, mfanyakazi ataelezwa vipi akikataliwa na atamlalamikia nani, na faili lake litaharibiwa lini akiacha kazi. Kipengele cha malipo mwombaji wa kazi asibebeshwe. Anayehitaji kujua ndiye alipe, na akilipa mwenyewe atafikiri mara mbili kabla ya kuongeza ukurasa wa pili.